Gari Tulilojifunzia

Nyaguthii alikuwa na miaka arobaini na mmoja mwaka ambao giaboksi ya gari lake ilianza kuteleza. Sisi tuliomfahamu tulimwita Mama Audrey, kwa jina la bintiye. Kwao ni Mukurwe-ini, huko Nyeri. Alikuja Amerika mwaka 1985 akimfuata mumewe aliyekuwa akisoma chuo kikuu huko College Park. Mume alimaliza masomo, akapata kazi Texas, akasema anatangulia kutafuta nyumba, na hakurudi. Nyaguthii akabaki na mtoto wa miaka sita na nyumba ya kupanga ya vyumba viwili pale Langley Park. Alisomea kazi ya kuhudumia wazee, akaajiriwa kwenye nyumba ya wazee kule Rockville, na kazi hiyo ndiyo aliyokuwa akiifanya nilipofika mimi kutoka Morogoro mwaka 1993.

Gari alilinunua mwaka ule ule alioachwa, kwa mjane wa profesa mmoja. Lilikuwa stesheni wagoni ya mwaka 1982, ya kahawia, ndefu, yenye kiti cha tatu kilichotazama nyuma. Mjane aliliuza kwa bei ndogo kwa sababu hakupenda kuliona limesimama mbele ya nyumba. Nyaguthii alikuwa hajui kuendesha. Aliyemfundisha ni huyo huyo mjane, kwa siku sita, kwenye maegesho ya chuo wakati wanafunzi wako likizo.

Baada ya hapo yeye akawa mwalimu wetu. Shule za udereva zilikuwa ghali, na ofisi ya leseni ilimtaka kila mtu aje na gari la kufanyia mtihani. Mgeni wa miezi mitatu atalitoa wapi? Basi Jumapili baada ya ibada Nyaguthii alikuwa akimchukua mtu mmoja hadi kwenye uwanja wa duka kubwa lililokuwa limefungwa. Mkoba wake aliuweka juu ya dashibodi. Ukikanyaga breki kwa pupa mkoba unaanguka, naye anauokota, anaurudisha, na kusema, "Tena." Hakuwa akipandisha sauti. Mimi siku ya kwanza niliuangusha mara ishirini na zaidi, na nilipomaliza alinipa maji ya kunywa akaniambia nije Jumapili inayofuata. Nilikuwa mtu wa tisa kujifunza kwenye gari lile. Walionifuata walikuwa saba.

Pamoja na kufundisha kulikuwa na kubeba watu. Mgeni akitua Dulles, anaitwa Mama Audrey. Mtu akihama, godoro linalazwa ndani ya gari lake. Wenye watoto wachanga aliwapeleka kliniki, wenye mashauri ya uhamiaji aliwapeleka Arlington. Dola mbili tatu za petroli tulikuwa tukiziacha kwenye kisahani cha majivu, tukikumbuka. Mimi mwenyewe sikukumbuka kila mara.

Na kila siku ya kazi alimbeba Bridget. Bridget alikuwa msichana wa Kakamega, wa miaka ishirini na sita, aliyekaa Adelphi na kufanya kazi nyumba ile ile ya wazee, shifti ile ile. Alikuwa hajajifunza kuendesha. Hakuona haja, kila asubuhi saa kumi na mbili na dakika ishirini gari lilisimama mbele ya mlango wake.

Jambo lenyewe lilitokea Februari 1997. Walikuwa kwenye barabara kubwa ya mzunguko, ile inayouzunguka mji wote, wakielekea Rockville. Walipokaribia njia ya kutokea Connecticut Avenue, injini ilinguruma kwa nguvu, lakini gari likapunguza mwendo kana kwamba mtu amelishika kwa nyuma. Nyaguthii alikanyaga mafuta, injini ikazidi kunguruma, gari likazidi kupungua. Malori yalipita pembeni yakipiga honi. Alilisogeza taratibu hadi ukingoni, akazima, akawasha taa za tahadhari.

"Ni nini hiyo?" Bridget aliuliza.

"Sijui. Ngoja ipoe."

Walikaa dakika kumi na tano. Alipowasha tena gari likakubali, wakatoka kwenye barabara kubwa wakamalizia safari kwa njia za ndani. Walichelewa kazini kwa nusu saa. Msimamizi aliandika majina yao.

Jumamosi iliyofuata walilipeleka kwa Fahmi. Fahmi ni mtu wa Tanga, alikuwa fundi kwenye gereji moja ya Beltsville, na magari yetu mengi yalipitia mikononi mwake. Aliliendesha mwenyewe kuzunguka mtaa, akarudi, akalipandisha juu kwa mashine, akaingia chini yake na taa. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Dada, nikwambie kweli?"

"Ndiyo nimekuja uniambie."

"Giaboksi imekwisha. Nikikutafutia nyingine, hata iliyotumika, pamoja na kazi ya kuifunga, ni dola elfu na mia tatu, na hapo nimekufanyia kwa kujuana. Ekzosi imetoboka. Juni unatakiwa kuipeleka mtihani wa moshi, na kwa hali hii haipiti. Halafu njoo uone huku."

Alichukua bisibisi akaigusisha chini ya sakafu ya gari, upande wa abiria wa mbele. Hakusukuma kwa nguvu. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, na unga mwekundu wa kutu ukamwagika sakafuni.

"Hapa ndipo abiria wako anapoweka miguu," alisema.

Bridget, aliyekuwa amesimama pembeni, alitazama viatu vyake.

"Na ukiitengeneza yote hiyo, itauzwa ngapi?" Nyaguthii aliuliza.

"Mia sita. Mia saba ukipata mtu mwema."

"Ingekuwa yako ungefanya nini?"

Fahmi alifikiri. "Mimi nisingeitia hata senti. Lakini mimi nikitoka hapa naenda nyumbani kulala. Wewe una safari za watu. Sijui utafanyaje na safari za watu."

Alimwambia kwamba akienda nayo polepole, kwa njia za ndani tu, inaweza kumfikisha mwezi, pengine miwili. Barabara kubwa asiiguse tena. Pesa ya ukaguzi Fahmi hakuichukua. Yeye pia alikuwa amefanya mtihani wa leseni kwenye gari lile.

Kwa hiyo wakaanza kwenda Rockville kwa Randolph Road, dakika arobaini mapema kuliko zamani. Waliopiga simu kuomba kubebwa, Nyaguthii aliwajibu wote vile vile: gari ni gonjwa, haliwezi kwenda mbali. Wiki ya kwanza simu zilikuwa nyingi. Ya pili zikapungua. Ya tatu, alikuja kunisimulia baadaye, simu ilikaa siku nne bila kulia, mpaka akainua mkono wa simu kusikiliza kama laini ipo.

Jumamosi ya wiki hiyo alimaliza kufagia na kufua kabla ya saa nne asubuhi, akaketi kitandani asijue la kufanya. Kwa miaka saba Jumamosi zake zilikuwa za Dulles na magodoro. Audrey, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alipita mlangoni akasimama. Mtoto yule alikuwa akisikia Kiswahili chote lakini akijibu kwa Kiingereza. Alimwuliza mama yake kama anaumwa.

"Siumwi."

Mtoto akauliza, basi mbona yuko nyumbani.

Nyaguthii aliinama. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku, na ndani yake vitabu vya chuo cha kaunti. Mwaka 1993 alikuwa ameanza masomo ya uuguzi, akafaulu mawili ya mwanzo, kisha akaacha. Ungemwuliza kwa nini aliacha, angesema hakuwa na nafasi. Siku ile alitoa kitabu kimoja akakifungua mezani, akasoma hadi saa nane mchana. Aliniambia kwamba nusu ya maneno aliona kama hajawahi kuyasikia.

Wakati huo habari za gari zilikuwa zimefika kwenye ushirika wetu. Tulikuwa tukikutana Jumapili mbili kwa mwezi, Wakenya na Watanzania pamoja, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja la New Hampshire Avenue. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Dunstan, mtu wa Mbeya, karani wa ofisi moja ya mjini, mtaratibu na mwepesi wa kuguswa. Baada ya matangazo alisimama akasema amesikia kwa masikitiko kwamba gari la Mama Audrey limeharibika, na kwamba gari hilo ni la Mama Audrey kwa jina tu, maana ni letu sote. Watu wakacheka na kupiga makofi. Akapendekeza tuchange. Karatasi ikazunguka, na kabla ya chai kutolewa ahadi zilikuwa zimefikia dola mia tisa. Mimi niliahidi hamsini na nilijisikia vizuri sana.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza Nyaguthii. Alikuwa ameketi safu ya tatu, mikono mapajani. Alipotakiwa kusema neno alisimama.

"Asanteni," alisema. "Naomba mnipe wiki mbili nifikirie."

Mzee Dunstan alishangaa kidogo. "Mama Audrey, ufikirie nini? Wewe peleka gari kwa fundi."

"Wiki mbili tu, Mzee."

Katika wiki hizo mbili alitembelewa na Kipkemboi. Huyu alikuwa kijana wa Eldoret aliyekuja kusomea kompyuta College Park. Nyaguthii alimpokea Dulles akiwa na sanduku moja, akamfundisha kuendesha, akampeleka kwenye mahojiano yake ya kwanza ya kazi, akamsubiri nje. Sasa alikuwa akiishi na kufanya kazi huko Herndon, karibu na Dulles, na alikuwa na gari jipya, la kijani, ambalo kila mtu aliliona siku ile limeegeshwa chini ya madirisha ya Langley Park. Alileta unga wa ugali na majani ya chai. Nyaguthii akapika chai.

"Mama Audrey, watu wanasema umekataa pesa."

"Sijakataa. Nafikiria."

"Mimi nita-add mia nne. Hiyo inafikisha yote. Hiyo gari usiiuze. Mimi nikiiona nakumbuka vile nilikuja. Ni kama nyumbani."

"Umeipanda mara ngapi mwaka huu?"

Kipkemboi alitabasamu. "Sasa mimi niko na yangu."

"Najua. Nimeiona hapo chini, nzuri." Alimwongezea chai. "Nikuulize kitu, na usikasirike. Kutoka kwako mpaka airport ni dakika ngapi?"

"Dulles? Kumi. Kumi na mbili kukiwa na magari."

"Mimi ni saa nzima. Mwaka jana nimeenda mara thelathini na moja. Wewe umeenda mara ngapi?"

Kijana aliangalia kikombe. "Hakuna mtu alinipigia."

"Hapana. Hawakukupigia."

"Wangenipigia ningeenda, Mama Audrey."

"Naamini ungeenda. Na umeshamfundisha nani kuendesha?"

Hakuwa amemfundisha mtu. Alisema kazi ilikuwa nyingi, na gari lenyewe lilikuwa bado la mkopo. Nyaguthii hakumlaumu. Aliniambia kwamba hakuwa amekusudia kumwaibisha. Maswali yale alikuwa akijiuliza mwenyewe, na yakatokea tu mbele ya mgeni. Walimaliza chai wakizungumza habari za Eldoret na mvua. Alipomsindikiza hadi chini na kulitazama gari lile la kijani likiondoka, alikuwa ameshaamua.

Jumapili ya ahadi alisimama tena ukumbini. Maneno yake yalikuwa machache na aliyasema bila kuyapamba. Alisema anatushukuru kwa mchango, lakini hataupokea. Gari lina umri wa miaka kumi na mitano na sakafu yake imeoza. Likifungwa giaboksi leo, kesho itakuwa kingine, na atakuwa ameshakula pesa za watu. "Na nikiitengeneza kwa pesa yenu," alisema, "itakuwa yenu kweli, na mimi nitakuwa dereva wake mpaka nizeeke. Sitaki. Narudi shule. Nitapanda basi."

Nilimwona Mzee Dunstan akivua miwani na kuivaa tena.

"Watu wametoa kwa moyo, Mama Audrey," alisema.

"Nimeona, Mzee. Na mimi nilitoa kwa moyo."

Akaketi. Tukaimba wimbo, tukanywa chai, na mazungumzo ya chai siku ile yalikuwa ya chini chini. Wapo waliosema ana kiburi. Wapo waliosema amechoka tu, atabadilika. Mimi nilihesabu kichwani mara ngapi amenibeba tangu nipate leseni yangu na gari langu, nikaacha kuhesabu kabla ya kufika mwisho.

Aliyeumia zaidi ni Bridget. Yeye alisikia habari ile ukumbini kama sisi wengine, na hilo, nadhani, ndilo kosa la Nyaguthii katika mambo haya yote. Walirudi pamoja kwa gari hadi Adelphi.

"Ungeniambia kwanza," alisema kabla ya kushuka. "Mimi ndiye nimekuwa kwa hiyo gari kila siku."

"Ningekuambia ungelia, na mimi ningebadilisha mawazo."

"Sasa mimi nitafika kazi aje?"

"Kuna basi. Twende pamoja."

"Basi ni saa moja na nusu."

"Saa moja na dakika ishirini. Nimelipanda nikajua."

Bridget alifunga mlango wa gari polepole, bila kuubamiza, akaingia ndani. Asubuhi iliyofuata Nyaguthii alisimamisha gari mbele ya mlango ule saa ile ile. Alisubiri dakika tano. Bridget hakutoka, alikuwa ameshaomba kubebwa na mpishi mmoja wa kule kazini. Wiki tatu baadaye aliacha kazi Rockville, akapata nyingine karibu na kwake.

Gari lilichukuliwa mwishoni mwa Aprili na mtu wa kununua vyuma. Alikuja na lori la kuvuta, akalipa dola sabini na tano, akatia saini. Nyaguthii alikuwa ameshafungua namba za gari mbele na nyuma kwa bisibisi aliyoazimwa na Fahmi. Fahmi mwenyewe alitaka kuja kumsaidia, akaambiwa hakuna haja. Audrey alitazama kutoka dirishani, akarudi kwenye televisheni. Kulikuwa na doa la mafuta pale lilipokuwa likiegeshwa, na kabla ya saa saba mchana jirani alikuwa ameweka gari lake juu ya doa hilo, kwa kuwa maegesho ya Langley Park hayabaki wazi. Zile namba Nyaguthii alizifunga kwenye gazeti, akazipeleka ofisi ya magari kwa basi, akapewa risiti, akafuta bima.

Huku kwenye ushirika tulibandika karatasi ukutani ya watu wa kujitolea kubeba wengine. Mwezi wa kwanza ilikuwa na majina manne, na mawili kati yao yalikuwa ya mke na mume wenye gari moja. Mgeni mmoja wa Dodoma alikaa Dulles saa tano akisubiri, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mwingine ameenda. Baada ya aibu ile Mzee Dunstan alichukua karatasi akaanza kupiga simu nyumba kwa nyumba. Kipkemboi akapewa Dulles. Alienda kila alipoitwa, miaka miwili mfululizo, na sikusikia akilalamika. Kufundisha watu kuendesha hakukupata mtu. Waliokuja baadaye walilipia shule, au walisubiri.

Bridget alilipia. Alipata leseni mwaka uliofuata, akanunua gari dogo. Yeye na Nyaguthii walisalimiana ukumbini wakiulizana habari za afya na za nyumbani, kama watu wanaofahamiana, na haikuzidi hapo.

Kozi ya uuguzi ilimchukua Nyaguthii miaka miwili. Basi lilipita University Boulevard hadi Wheaton na kuendelea mpaka Twinbrook, na kutoka hapo ni kituo kimoja tu cha treni kufika Rockville. Alisoma akiwa njiani. Katika masomo yote alianguka moja, la dawa, akalirudia. Mei 1999 alihitimu, na kabla ya majira ya joto kwisha alikuwa amefaulu mtihani wa leseni ya uuguzi na kuhamia hospitali moja huko huko Rockville.

Mara ya mwisho kuzungumza naye kwa kirefu ilikuwa vuli ya mwaka ule, ndani ya basi hilo. Gari langu lilikuwa kwa Fahmi, breki. Nyaguthii alikuwa amevaa sare nyeupe chini ya koti, na karibu naye aliketi bibi mmoja wa El Salvador ambaye walikuwa wakigawana karanga bila kuwa na lugha moja. Nilimpongeza kwa kazi mpya. Nikamwuliza kama atanunua gari sasa, maana mshahara umeongezeka.

"Audrey anataka ninunue," alisema. "Amefika miaka ya kujifunza."

"Na wewe?"

"Sijaamua. Nikinunua, nitanunua la milango miwili, lisiloingia godoro."

Nilicheka. Yeye hakucheka, lakini hakuonekana kukasirika pia. Nilimwuliza kama huwa analikumbuka gari lile. Alisema siku za theluji, basi likichelewa, hulikumbuka sana. Kisha basi likaingia Twinbrook, naye akamwachia bibi yule karanga zilizobaki akasimama.